Nyie wapya wa stoo ya matunda na mboga, sogeeni hapa kidogo

Nimekuta tena kreti za ndizi mbichi ndani ya chumba cha baridi, zimebanana na kabichi, na aliyeziweka ananijibu kwa kujiamini kabisa "braza, si zote zimetoka shamba?" Haya. Nawapenda ila leo mtanisikiliza.

1. Ubishi wa nyanya ni tunda au mboga upelekeni kantini. Kibotania ni tunda, tena nyanya na ndizi zote ni beri wakati stroberi hata haimo, halafu mwaka 1893 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba kwenye mambo ya ushuru nyanya ni mboga. Sawa, mmeshinda wote. Stoo haijali hayo, inauliza viwili tu: mzigo huu unavumilia baridi kiasi gani, na ethilini, ile gesi ya kuivisha matunda, je, unaitoa au inauumiza?

2. Baridi. Karoti, kabichi, brokoli na letusi peleka karibu na nyuzi 0. Ndizi isishuke chini ya 13. Hapa ndo nilipoumbuka mimi mwenyewe, maana nikiwa mgeni kama nyie nilipokea ndizi mbichi jioni nimechoka, nikaona chumba cha karoti kina nafasi, nikasukumia humo nikaenda zangu kulala. Kilichoniponza ni kwamba zikiwa ndani zilikuwa nzuri tu, kijani safi, nikawa napita najisifu kabisa kwamba nimezihifadhi vizuri. Tukazitoa ziive. Wapi! Ganda likageuka kijivu kama limepakwa majivu, ukimenya unakuta michirizi ya kahawia, na kuiva haziivi, na mteja kashasimama mlangoni. Bosi hakufoka, aliniambia tu nimweleze mteja mimi, na nikamweleza, huku mikono inatetemeka. Baridi inaharibu kimyakimya, madhara unayaona mzigo ukishaingia kwenye joto. Matango, bamia, embe mbichi na nyanya mbichi nazo haziitaki hiyo baridi ya karoti.

3. Ethilini. Embe, parachichi, papai, ndizi, zote zikianza kuiva zinaitoa, kwa hiyo tenga. Mtego ni tufaha, kwa sababu lenyewe linapenda baridi kama karoti, basi mtu anasoma kipimajoto anaona zinaendana anaweka pamoja, baadaye karoti chungu, brokoli njano, na lawama zote anatupiwa mkulima wa watu.

4. Nanasi, zabibu, machungwa, stroberi: likishakatwa limekatwa, haliivi zaidi. Msinipokelee machanga. Kuna mmoja wenu (anajijua) alifunika mananasi kwa magunia na kuyawekea ndizi mbivu katikati ati yachangamke, kila asubuhi anafunua ananusa anafunika. Rangi ilibadilika kweli, akatuita wote tukaonje. Yalikuwa machachu vilevile, na ya chini yameshaanza kuoza.