Kuningaz: Neno la Kigermaniki Lililotunzwa na Wafini

SWALI: Nimeambiwa kwamba neno la Kiingereza *king* na la Kifini *kuningas*, yote yakiwa na maana ya mfalme, ni neno moja, ilhali Kifini hakina undugu na Kiingereza. Je, ni kweli? Na kwa nini wanaisimu huliandikia umbo lake la kale, *kuningaz*, alama ya nyota mbele? — Msomaji, Tanga

JIBU: Ni kweli, ndugu msomaji. Nyota huonyesha kwamba umbo hilo halijapatikana katika maandishi yoyote, bali limeundwa upya kwa kulinganisha lugha zilizotokana na lugha mame ya Kigermaniki: *cyning* la Kiingereza cha Kale, *konungr* la Kinorse cha Kale (lugha ya kale ya Skandinavia), *König* la Kijerumani. Shina lake lina maana ya ukoo, nalo ni ndugu wa *genus* la Kilatini, kwa kuwa g ya kale iligeuka k katika Kigermaniki, kwa kanuni aliyoieleza mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm mwaka 1822. Wengi hulifasiri neno zima kuwa "mzaliwa wa ukoo bora".

Ajabu kubwa imo katika mwisho wa neno. Lugha za Kigermaniki zenyewe ziliupunguza au kuudondosha kabisa mwisho *-az*, lakini Wafini, ambao wahenga wao walilikopa neno hilo katika ujirani wa Bahari ya Baltiki, wanautamka hadi leo, ila kwa s mahali pa z. Wala *-az* si dhana tupu: pembe ya dhahabu ya Gallehus, iliyopatikana Denmark mwaka 1734 na ambayo ni ya yapata mwaka 400, iliandikwa kwa runi, herufi za kale za Wagermaniki, *ek hlewagastiz holtijaz horna tawido*, yaani fundi anajitaja kuwa ndiye aliyeitengeneza, na *holtijaz* linaishia vivyo hivyo. Pembe yenyewe iliibwa mwaka 1802 ikayeyushwa, hasara isiyofidika, ingawa maandishi yake yalikuwa yamekwisha kunakiliwa.

Waslavi na Walituanya nao walilikopa. Kwa Warusi *knyaz* ni mtawala wa daraja la juu, lakini *ksiądz* la Kipolandi na *kunigas* la Kilituanya siku hizi humtaja padri.

Hata hivyo, tusidhani kwamba Wagermaniki wote walimwita mfalme hivyo, kwani askofu Wulfila, alipoitafsiri Biblia kwa Kigothi, lugha ya Kigermaniki iliyokwisha kufa, katika karne ya 4, alitumia neno jingine kabisa, *þiudans*, lenye shina la maana ya watu au taifa.