Kabla hujanunua fini nyingine ya longibodi, sogeza kwanza hiyo uliyonayo

Wanaoteleza kwenye mawimbi ya bahari na longibodi, ule ubao mrefu, wananiuliza sana, ninunue fini gani, yaani lile pezi la chini ya mkia wa ubao, na mimi kila mara nauliza kwanza: hiyo uliyonayo umeifunga wapi? Wengi wakienda kuangalia wanakuta ipo katikati ya boksi, yaani mfereji wa chini ya ubao inamofungwa fini, palepale ilipofungwa siku ubao ulipotoka dukani, haijawahi kuguswa. Sasa ule mfereji wa katikati kwenye longibodi nyingi una urefu wa inchi 10 na nusu hivi, na umeachwa mrefu vile makusudi ili usogeze. Kusogeza ni bure, fini nzuri ya faibaglasi sio bure.

Iko hivi. Ukiisogeza mbele, kuelekea pua, yaani ncha ya mbele ya ubao, ubao unalegea, unageuka upesi hata ukikanyaga kidogo tu. Ukiirudisha nyuma kuelekea mkia ubao unatulia, unashika mstari, na mkia unang'ang'ania ndani ya maji, na hicho ndo unachokitaka ukiwa unatembea kwenda kusimama puani. Sababu yake ni kwamba ubao unazunguka pale fini ilipo, kwahiyo ikiwa karibu na miguu yako unauzungusha kirahisi, ikiwa mbali unakuwa mbishi kidogo lakini hautikisiki hovyo.

Sogeza kidogo kidogo, robo inchi, yaani kama milimita 6. Najua inaonekana ni kitu kidogo mno lakini miguu inasikia, niamini. Piga alama ya penseli pembeni ya boksi ujue ulipotoka, ingia majini, daka mawimbi ya kutosha ndo uamue, usihukumu kwa wimbi moja manake huenda wimbi lenyewe lilikuwa bovu. Na usibadilishe vitu viwili kwa pamoja! Ukibadilisha fini na sehemu ya kuifunga siku hiyohiyo hutajua kilichosaidia ni kipi.

Kuhusu ukubwa, kwa wanaotumia fini moja tu kuna hesabu ya siku nyingi na bado naiamini: inchi moja ya fini kwa kila futi ya ubao. Ubao wa futi 9 na nusu, anza na fini ya inchi 9 na nusu. Ukiwa na mwili mzito panda kidogo, ukiwa mwepesi shuka. Ni pa kuanzia tu hapo.

Umbo ndo penye utamu wenyewe. Kuna ile iliyosimama wima, pana mpaka juu kwenye ncha, wenyewe wanaiita pivoti. Hii inashika mkia vizuri sana, ukirudi nyuma ukakanyaga mkia ubao unazunguka palepale, afu unatembea zako mbele kwenda puani, na kwa mawimbi madogo ya taratibu sioni inayoishinda. Nyingine ni ile iliyolala kwenda nyuma, hii inataka spidi, inakupa mikato mirefu ya kuchora ukutani mwa wimbi, ila ukiikaza kwenye kona fupi inakugomea. Halafu kuna zenye kitako kipana na ncha nyembamba inayopinda, ukigeuka inajikunja kisha inarudi na kukusukuma. Hizi zinatokana na kazi ya George Greenough wa California, miaka ya 1960, aliyeangalia umbo la pezi la jodari akaliiga. Nikiwaza kwamba fini ya kwanza kabisa, ya Tom Blake mwaka 1935, ilikuwa kipande cha mkuku wa boti ya kasi, naona tumetoka mbali kweli.

Wenye boksi la kati pamoja na nafasi za fini mbili ndogo pembeni, nyie mna uhuru zaidi. Mawimbi yakiwa makubwa na yamesimama, weka ya kati ya inchi 6 mpaka 8 na zile ndogo pembeni, ubao unashika ukuta hauchomoki. Mawimbi yakiwa madogo na laini toa za pembeni zote, weka moja kubwa katikati. Nisichokishauri ni pivoti ya inchi 10 pamoja na za pembeni, unakuwa unaburuta maji tu. Na ile ya kati iliyokatwa kitako, iliyotengenezwa itumike na wenzake wa pembeni, usiiendeshe peke yake, mkia utakuponyoka.

Kufunga: dondosha kile kibati kidogo chenye tundu la skrubu kwenye uwazi wa boksi, kisukume mbele kwa bisibisi, afu ingiza ule msumari mdogo wa nyuma ya fini kwenye uwazi, rudisha fini nyuma, shusha mbele, tafuta tundu la kibati ndo ukaze skrubu. Kaza mpaka fini isicheze, basi, ukilazimisha unaharibu nyuzi za skrubu. Tumia skrubu isiyoshika kutu, na beba ya akiba na kibati chake, manake vikidondoka mchangani huvipati tena. Kila kabla ya kuingia majini shika fini uitikise. Na ukisikia ubao unaimba ukiwa kwenye spidi, angalia ukingo wa nyuma wa fini, mara nyingi una meno au umevimba, pitisha msasa laini mpaka uwe sawa.

Sasa ukiwa umesogeza mpaka mwisho wa mbele wa boksi na ubao bado mzito kugeuka, hapo ndo nenda kanunue, chukua iliyopungua nusu inchi au inchi nzima, au iliyosimama zaidi. Na ukiwa umeirudisha mpaka mwisho wa nyuma na mkia bado unateleza ukiwa puani, basi tafuta kubwa zaidi au pana zaidi kwenye ncha. Ukifika hapo hata muuzaji ukiongea naye utamwambia kabisa unachokitaka, badala ya yeye kukuchagulia yenye rangi nzuri.