Tundu la beringi hukerezwa mwisho

Apraiti yangu ya kwanza, kipande cha kushikia gurudumu la gari, ilipendeza sana kuitazama. Nilianza kwa fundi wa kukereza, akanitengenezea bomba nene lenye tundu la milimita 72, na beringi ikaingia kwa presi kama inavyotakiwa. Nikaitoa, nikarudi karakana, nikachomelea mabati kulizunguka bomba lile. Kesho yake beringi ile ile iliingia kwa kidole upande mmoja na kugoma upande wa pili. Tundu lilikuwa limegeuka yai. Badala ya kukubali, nikarudi kwenye presi, nikalazimisha. Baada ya mizunguko minne ya otokrosi (mbio za magari kwenye udongo) habu, kile kitovu cha gurudumu, ilikuwa ya moto hata haigusiki, na gurudumu likinguruma kama kinu cha posho.

Kwa wasioijua, apraiti ni kile kipande kinachosimama nyuma ya gurudumu. Kinabeba beringi na habu, kinashika amu ya juu na ya chini (mikono inayokiunganisha na fremu), tairodi ya usukani na kalipa ya breki. Gari la kiwandani huja na ya kuyeyushwa na kumiminwa, nayo ni imara kabisa. Shida huanza ukijenga bagi yako mwenyewe, gari jepesi la mbio: boljointi, vile viungo vya kuunganisha amu na apraiti, haziko pale unapozitaka, au kile kipande ni kizito kuliko fremu inavyostahili. Hapo ndipo tunapochukua bati na tochi ya kuchomelea.

Dawa ya kosa langu ni kugeuza mpangilio. Bomba la beringi liache na nyama ya ziada, milimita 2 kila upande. Chomelea kila kitu: masikio ya kufungia amu, mkono wa tairodi, shikio la kalipa. Ukipata mwenye tanuri, choma kipande chote kwa nyuzi 600 hivi kwa saa moja, kisha kiache kipoe chenyewe humo ndani, ili chuma kiachilie mivutano yake. Halafu ndipo ukipandishe kwenye mashine ya kukereza. Tundu, uso wa kalipa na matundu ya amu vyote vikatwe baada ya moto, vikipimwa kutoka mahali pamoja. Mimi huacha tundu liwe dogo kuliko beringi kwa 0.03 mm hivi, ila kipimo cha mtengenezaji wa beringi ndicho cha kufuata. Fundi atakulalamikia kwamba kifaa hakishikiki vizuri kwenye chaki ya mashine, yale meno yanayokibana. Mlipe huo usumbufu. Shilingi zote nilizowahi kubana kwa fundi wa kukereza nilizitema mara mbili kwenye beringi.

Watu huniuliza zaidi kuhusu chuma. Kila mtu anataka kromoli, chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu, kwa sababu ndiyo inayosifiwa. Lakini kromoli na chuma laini cha kawaida vinapinda sawasawa chini ya mzigo ule ule kabla ya kufika kikomo. Tofauti iko pale vinapoanza kuharibika. Na apraiti ikishapinda kidogo tu kwenye kona, tairi halikanyagi tena ulivyolipanga. Kinachozuia kupinda ni umbo. Boksi lililofungwa pande zote, la bati la milimita 2.5, linashinda pleti nene iliyosimama peke yake, na ni jepesi zaidi. Toboa kijitundu kidogo mahali pasipo na mzigo kabla ya kufunga mshono wa mwisho, maana hewa iliyonaswa ndani ikipata moto itapasua weldi ikiwa bado uji.

Nimeshaona watu wakitumia springi za lori, wakisema ni chuma kigumu. Ni kigumu kweli, na ndiyo sababu hupasuka kando ya weldi. Aksili zilizochakaa pia usizichomelee, hujui ndani kuna nini.

Kromoli niliijaribu mara moja, kipande nilicholetewa na rafiki kutoka nje. Nilikuwa nimemaliza kuchomelea sikio la chini kwa mashine ya tigi, nikatoka kupokea simu. Niliporudi, kijana wangu wa karakana alikuwa amelizamisha kwenye ndoo ya maji.

"Mzee, nimekupozea uendelee na kazi."

Nia yake ilikuwa njema, wala sikumfokea. Asubuhi kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele pembeni mwa weldi. Chuma kile kikipozwa ghafla hugeuka kama glasi. Sasa ndoo ya maji inakaa nje ya mlango.

Kabla ya kukata bati piga hesabu, hata ya juu juu. Tuseme gurudumu la mbele upande wa nje limebeba kilo 400 na unaingia kona kwa nguvu ya mara 1.2 ya uzito huo. Ardhi inasukuma tairi kando kwa kilo 480. Boljointi ya chini ikiwa milimita 190 kutoka ardhini na ya juu ikiwa milimita 250 juu yake, ya juu inapata kama kilo 365 na ya chini kama 845. Sasa kanyaga breki mpaka tairi livute kilo 400. Nusu ya kipenyo cha tairi ni milimita 290, na padi zinabana diski milimita 110 kutoka katikati: shikio la kalipa linavutwa na zaidi ya tani moja. Hiyo ni lami laini bila shimo. Kwa murram yetu mimi huzidisha mara tatu. Ndiyo maana hunioni nikining'iniza kalipa kwenye kipande cha pleti kilichoshikwa na weldi upande mmoja; hukipitisha ndani ya boksi na kukichomelea pande zote mbili. Bolti za amu nazo zishikwe juu na chini, zisining'inie kwa mguu mmoja.

Sikio la juu nalifunga kwa bolti, na kati yake na boksi naweka washa nyembamba. Kwa umbali ule wa milimita 250, washa ya milimita 1 inainamisha tairi karibu robo digrii, kwa hiyo marekebisho hayahitaji kukata kitu.

Nyufa nazitafuta kwa mafuta ya taa na chaki, kama wazee walivyofanya. Osha, paka mafuta ya taa, subiri, pangusa kabisa, kisha paka unga wa chaki. Ufa utajichora wenyewe mafuta yanapotoka. Apraiti yenyewe naipaka rangi nyeupe nyepesi, kamwe sio ile nene ya kuokwa, kwa sababu rangi nene huficha. Nikirudi kutoka uwanjani, apraiti huoshwa kabla sijanawa uso.