Muulizeni dereva kwanza

Mhariri, asalaam aleikum. Swali lenu la wiki hii, "Gari ikitoka gereji kisha injini ikafa tena, alipe nani, fundi au mwenye gari?", limenigusa pabaya. Mimi nimewahi kumshitaki fundi kwa sheha kwa jambo hilihili, nikarudi nyumbani kichwa nimekiinamisha. Kwa hivyo swali lenu naliona lina upungufu. Mmemsahau dereva. Na mkishamuuliza dereva, nigeukieni mimi tajiri, mwenye gari, mniulize namdai hesabu ya kila siku kiasi gani.

Nina Hiace moja ya dizeli inayokwenda njia ya 606, Chake na Wete hapa Pemba, kwa barabara ya zamani. Anayeijua njia hiyo anajua kuwa tambarare ni chache, ukimaliza kushuka unaanza kupanda. Msimu wa karafuu ndani wamebanana watu, juu ya keria yamepangwa magunia. Gari yenye kasoro ya maji haiwezi kujificha huko.

Mara ya kwanza ilipochemsha, fundi alifungua hedi, kile kichwa cha injini, akakuta gasketi inayozuia maji na oili visichanganyike imeungua. Ikaagizwa Unguja, ikaja na boti siku ya tatu. Nikalipa laki nne na themanini kwa vyote: gasketi, oili, hedi kuchongwa usawa, na mkono wake. Karatasi sikupewa wala sikuidai. Utamdai vipi risiti mtu aliyesoma chuoni na mdogo wako?

Wiki ya tano gari ikalala tena. Ukichomoa kijiti cha oili, imegeuka rangi ya chai ya maziwa; ukiiwasha, inatoa moshi mweupe kama jiko la kuni mbichi. Fundi akasema safari hii hedi imepata ufa, na kazi yote itafika laki tisa. Nikapanda mori. Nikamwambia mbele ya wateja wake kuwa gasketi aliyonitilia ni feki, hedi hakuipeleka kuchongwa, pesa kala. Hakubishana. Alisema, "Muulize dereva wako," akarudi chini ya gari ya mtu mwengine.

Sikumuuliza. Nilikwenda kwa sheha.

Barazani dereva alikaa kimya muda mrefu. Aliyesema ni utingo, kijana aliyetoka skuli juzi tu na hajajua bado lipi la kuficha. Akaeleza kuwa kila safari husimama kilimani kuongeza maji, na nyuma ya kiti huwa wana madumu mawili. Maji ya wapi? Ya kisima cha karibu na pwani, kile ambacho hata kufulia watu hawakipendi kwa chumvi yake. Na mfuniko wa rejeta? Ulipotea zamani, wamefunga tambara na mfuko wa plastiki.

Mimi nilikuwa nikidhani mfuniko ule kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike. Fundi ndiye aliyenionesha baadaye, ameushika mpya mkononi, akaibonyeza springi yake kwa kidole gumba. Springi ile hubana mvuke ndani, na maji yaliyobanwa hayachemki kwenye nyuzi 100, hustahamili joto zaidi ya hapo. Tambara halibani kitu. Maji huchemka mapema, hupungua, na hedi ikikosa maji hupata moto hadi ikapinda. Hapo ndipo anapokuja dereva mwenye haraka, injini ingali moto, anamimina maji baridi ya dumu. Chuma kilichotanuka kinasinyaa ghafla, na ufa unapatikana namna hiyo. Chumvi nayo inaila rejeta na wota pampu kwa ndani, polepole, bila ya kelele. Mfuniko wenyewe bei yake haikufika hesabu ya siku moja.

Nikamuuliza dereva mbele ya wazee: kwa nini hukuniambia? Akajibu kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyoniumiza: "Tajiri, nikisimamisha gari hesabu unaidai vilevile."

Kweli naidai. Elfu thelathini na tano kila jioni, iwe gari imekwenda safari sita au imeshinda chini ya mwembe inangojea mpira kuzibwa. Ningekuwa mimi ndiye dereva, ningefunga tambara.

Sheha aliamua fundi afunge hedi bila ya malipo ya mkono, na hedi yenyewe na spea nyengine ninunue mimi. Wako walioona fundi ameonewa. Mimi sioni hivyo. Gasketi haiungui yenyewe tu. Fundi anayeibadilisha bila ya kutafuta kwa nini gari ilichemsha amefanya nusu ya kazi, na tambara lile lilikuwa mbele ya macho yake mara ya kwanza. Aliniambia alidhani tunalijua. Dereva hakutozwa kitu, na hilo nililitaka mimi.

Wenye Vitz na IST mnaoendesha wenyewe, yenu ni mepesi zaidi: alama ya joto mnaiona kwa macho yenu, na ikionesha moto mkaendelea hadi nyumbani "kwa sababu pamebaki padogo", msimtafute fundi wa kumlaumu. Ama kuhusu kushitaki, Tume ya Ushindani Halali wa Biashara ipo na malalamiko ya walaji ni kazi yake. Lakini utakwenda na nini mkononi, ikiwa hata bei mlikubaliana kwa mdomo, mmesimama njiani? Siku hizi fundi wangu huandika kwenye daftari la skuli, tunatia saini sote, na kila spea aliyoitoa hunirudishia niione.

Hesabu nimeipunguza hadi elfu thelathini, na siku ya gereji haihesabiwi. Mke wangu hajaafiki mpaka leo. Hedi yenye ufa iko ukumbini, inazuia mlango usigongwe na upepo wa kusi. Dereva kila akileta pesa huitazama, na wiki iliyopita kaniuliza kama hatuwezi kuiuza chuma chakavu.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba