Maswali na majibu: Mwili hujuaje kuwa umeguswa?

Nikiguswa begani, neva inapataje habari wakati hakuna kemikali iliyoingia?

Ngozi ikibonyea, utando wa seli hutanuka. Katika utando huo zimo protini zenye tundu lililofumba. Zikivutwa, tundu hufunguka, ioni (chembe ndogo zenye chaji ya umeme) za sodiamu na kalsiamu humiminika ndani, umeme wa seli hubadilika na habari hupanda kuelekea ubongoni. Protini za namna hiyo ndizo chaneli za ioni.

Nani alizigundua?

Ile ya ngozi yetu ilitoka katika maabara ya Ardem Patapoutian, taasisi ya Scripps, California. Mwaka 2010 Bertrand Coste wa maabara hiyo alitumia seli zinazotoa umeme zikidungwa kwa pipeti (mrija mwembamba wa kioo), akazima jeni zilizoshukiwa moja baada ya nyingine, aone ipi ikizimwa umeme hutoweka. Zilikuwa 72, na iliyotakiwa ilikuwa ya mwisho. (Wengi wetu tungekata tamaa tukifika ya 30.) Ikaitwa Piezo1, kisha akapatikana nduguye Piezo2, ambaye ndiye wa mguso. Patapoutian alipata Nobeli mwaka 2021 pamoja na David Julius.

Wanyama wote wanatumia hiyohiyo?

La, na hapa ndipo utamu ulipo. Mnyoo C. elegans, mwenye urefu wa milimita moja hivi, anategemea MEC-4, protini ya ukoo mwingine kabisa. Martin Chalfie aliwachunguza minyoo hao kwa kuwapapasa na unywele wa nyusi uliogundishwa kwenye kijiti, akitafuta wasioshtuka. Inzi wa matunda ana NOMPC, yenye mkia wa vipande 29 uliojiviringa kama springi na kushikamana na nguzo za ndani ya seli. Hapo kinachovuta tundu ni mkia, si utando. Inzi huyohuyo ana Piezo pia, na mabuu wake huitumia kuhisi kudungwa kwa nguvu. Nasi ni hivyohivyo: ngozi inatumia Piezo2, sikio linatumia TMC1. Hata bakteria, asiye na neva, ana MscL inayofunguka maji yakikaribia kumpasua. Basi kazi ni moja, lakini maumbile yameibuni mara kadhaa.

Mtu akizaliwa bila Piezo2?

Wapo, wachache. Watafiti wa Marekani waliwaeleza mwaka 2016. Joto na baridi wanahisi, lakini wakifumba macho hawajui mkono uko wapi, na wakifungwa kitambaa machoni kutembea kunawashinda.

Nimesikia Piezo inazuia malaria. Kweli?

Ni Piezo1, iliyo pia kwenye chembe nyekundu za damu. Ikifunguka kupita kiasi, chembe hupoteza maji, na panya wenye hali hiyo walistahimili malaria kali. Aina moja ya jeni hiyo imeenea kwa watu wenye asili ya Afrika, ila matokeo ya tafiti kwa binadamu yamegongana. Chandarua chako kibaki palepale.