Elki Colorado: uombe msimu gani

Kaka, umesema umeshakaa Colorado zaidi ya mwaka, una bunduki, unataka kuwinda elki (yule paa mkubwa wa Amerika) mwaka huu ila hujui uombe kibali cha msimu gani. Mi ningeweka msimu wa kwanza wa bunduki kwenye chaguo la kwanza la fomu ya maombi. Ni siku 5 tu katikati ya Oktoba, na kibali chake ni cha bahati nasibu, kwa hiyo watu porini wanakuwa wachache na wanyama bado hawajastuka, saa nyingine unasikia madume bado yanapiga ile miluzi ya kutafuta majike. Ukikosa unapewa pointi ya kukuongezea nafasi kwenye bahati nasibu ya mwakani, hujapoteza.

Msimu wa pili na wa tatu ni mirefu zaidi, na maeneo mengi kibali cha dume unanunua tu dukani, lakini sasa huko ni fujo, kila kona mwindaji na jaketi lake la chungwa, na elki si wajinga, wakisikia milio wanahamia mashamba ya watu binafsi ambako huruhusiwi kuingia. Wa nne theluji inawashusha bondeni, ila baridi yake sikutanii.

Septemba ni ya upinde na gobore, achana nayo kwanza.

Halafu dume zima lina kilo 300 hivi, na nyama huruhusiwi kuiacha porini, so tafuta mtu wa kubeba naye kabla hujaomba. Maombi yanafungwa mwanzoni mwa Aprili, na bila cheti cha mafunzo ya uwindaji huuziwi kibali, hiyo kaifanye wiki hii.