Usiiuze Noti ya Zamani ya Marekani Kabla Hujaisoma

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwa furaha kwamba amerithi noti ya dola moja yenye muhuri wa buluu, ya mfululizo wa 1957 (mwaka ulioandikwa juu ya noti), na anatumaini itamlipia ada ya chuo. Ilinibidi nimweleze kwamba noti hizo zilichapishwa kwa wingi mno, na iliyochakaa huuzwa kwa bei inayozidi kidogo tu dola yenyewe. Uchungu wake naujua, ingawa mimi niliumia kwa upande wa pili.

Miaka sita iliyopita, hapa Ohio ninakoishi, nilinunua sanduku la vitabu kuukuu katika nyumba ya marehemu. Ndani ya Biblia nilikuta noti ya dola tano, kubwa kuliko za leo, ya mfululizo wa 1899, yenye picha ya chifu wa Wenyeji wa Marekani aliyevaa taji la manyoya. Niliipiga pasi kuondoa mikunjo, nikabandika selotepu penye mchaniko, kisha nikaipeleka kwa mwenye duka la sarafu, ambaye alinipa dola 50 bila kunieleza lolote. Baadaye niliona nyingine kama hiyo, isiyoguswa na pasi, ikinunuliwa mnadani kwa mamia ya dola. Hadi leo nikilikumbuka tabasamu la yule mwenye duka, moyo unaniuma.

Kwa hiyo nasisitiza: soma kwanza. Pima ukubwa, kwa kuwa noti kubwa ni za kabla ya mabadiliko ya 1929. Tazama rangi ya muhuri, kwani buluu kwa kawaida ni hati ya fedha, yaani noti ambayo zamani iliweza kubadilishwa kwa madini ya fedha, njano mara nyingi ni hati ya dhahabu, iliyobadilishwa vivyo hivyo kwa dhahabu, na kahawia huweza kuwa noti iliyotolewa na benki ya mji mdogo, ambayo wakusanyaji wa mji huo huitafuta kwa bidii. Tafuta nyota kando ya namba ya utambulisho wa noti. Hiyo huonyesha noti iliyochapishwa kuziba nafasi ya iliyoharibika kiwandani. Wala usidhani kwamba umri pekee ni thamani.

Na usiisafishe, usiipige pasi, usiibandike chochote! Ikiwa ni adimu, waulize wanunuzi wawili au watatu kabla ya kukubali bei, kisha fikiria kuipeleka kwa wapimaji wanaoipa hali yake alama kati ya 1 na 70. Noti ya 1957 ya msomaji wangu, isipokuwa na nyota, haistahili gharama ya kupimwa.